Usichomoe

"Usichomoe mpaka ikamilike," Mzee Kibwana alisoma kwenye simu, kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe. Mashine zake mbili za kusikilizia, za masikioni, zilikuwa kwenye kiboksi chake cha chaji, zikipokea programu mpya. Dakika kumi, na katika muda huo hata radi ingepiga asingeisikia.

Mkewe, Mwanahawa, alizingoja dakika hizo wiki nzima. Aligeukia kabati la vyombo, asije mumewe akasoma midomo yake kama alivyozoea kabla ya mashine.

"Baba Nuru," alisema, "lile fundo la titi limerudi. Daktari anasema safari hii halikatwi. Nimeshindwa kukwambia."

Akashusha pumzi, akainua macho. Kwenye kioo cha kabati, kati ya vikombe vya wageni, aliuona uso wake mwenyewe. Na nyuma yake macho ya mumewe, yamekazwa kwenye kioo hicho hicho, mdomoni mwake.

Akageuka. Simu ilishaandika asilimia mia.

Mzee Kibwana aliifunika kwa kiganja.

"Bado," alisema, safari hii kwa sauti ndogo. "Bado haijamaliza. Endelea."