Tone la Mama Mkwe

Mama mkwe aliusukuma mdomoni mwa Kapinga mkebe wa munkoyo, togwa ya mahindi, uliokorogwa sukari, kama mtu anayenywesha mbuzi dawa.

"Kunywa. Tumbo imekuwa kadogo. Ile mashini yako ya kupima sukari inamaliza damu ya mutoto."

"Nesi wa Nchelenge, ng'ambo ya ziwa, alikataza sukari, mama."

"Nesi ndiye alikuoa? Mutoto wako wa kwanza nilimukomalisha mimi, na hii munkoyo. Kilo tano na nusu. Kilwa nzima walikuja kumuona."

"Walikuja ku kilio," Kapinga alisema.

Yule mtoto alikwama mabega, akatoka amekwisha kufa.

Mama mkwe alicheka, akaunywa ule munkoyo mwenyewe hadi nusu. Siku hizi kiu haikumwacha. Alikunywa na kwenda chooni, akarudi kunywa tena. Kisha akanyoosha kidole.

"Nitoboe basi. Uone damu ya mwanamuke mwenye kuzala kumi."

Kidole kilikuwa kigumu kwa miaka ya kupara samaki. Kapinga alichoma mara mbili ndipo tone likatoka, zito, likanywewa na karatasi ya kipimo.

Asubuhi damu ya Kapinga mwenyewe ilisoma tano. Hii ilisoma ishirini na sita. Nesi alikuwa amemwambia kwamba ikipita ishirini, mtu asingoje, akimbilie kliniki.

"Inasema nini?"

Kapinga alikizima kipimo, akamrudishia mkebe mkononi.

"Uko muzima, mama. Maliza munkoyo yako."