Ncha Butu za Ngitili

Sheria inasema: kinywa chochote kinachokula malisho kabla ya siku yake, hung'olewa meno.

Ng'ombe wetu Kabula aliingia ngitili, yale malisho tuliyoyafunga, wiki tatu mapema. Nikamwaga samadi kuficha kosa. Majani yakarudi mapana na laini, nikajiona mjanja. Mpimaji wa malisho alipofika kukagua, alichuma moja akaniwekea mbele ya pua.

"Samadi hunenepesha jani, haifuti meno. Ona ncha ilivyo butu. Jani hukulia shinani, kwa hiyo jeraha hupanda nalo."

"Mguse Kabula uone!" nilifoka.

"Punguza moto, kijana."

Wasaidizi wake walimwangusha Kabula. Koleo lilivunja meno ya mbele, kisha magego, na damu ikaniruka usoni huku mama akimkumbatia shingo. Nilimpiga mmoja ngumi. Nilipozinduka nilikuwa nimelala kwenye kinyesi, mbavu mbili zimevunjika.

Mapacha wa dada yangu Nkwimba waliishi kwa maziwa ya Kabula. Sheria haikukataza mikono, basi tulichuma majani ya ngitili kwa mikono. Mama, Nkwimba na mimi tuliketi zizini tukimtafunia na kutema kwenye beseni, naye akilamba. Siku ya nne maziwa yakaanza kurudi.

Siku hiyohiyo mpimaji akapita. Alitazama beseni, akatazama midomo yetu ya kijani, akavua kofia, koleo mkononi.

"Shikamoo, mama," alisema kwa upole. "Tuanze na nani?"