Kioo Sawa na Bati

Zamani, mabosi walimfukuza mzee kutoka kiwanda cha magari kwa sababu alisema vioo vya gari hili vinaweza kulala sawa na bati, bila kingo za mpira. Walimwambia fundi halipwi ili afikiri.

Sasa gari lilikuwa kuukuu, gundi imeshapakwa, na binti yake mzee, fundi vioo, ameshika kioo cha pekee kilichopatikana.

"Usikisukume, mwanangu. Kibembeleze kama mama mkwe."

"Wangu habembelezeki, baba."

Kioo kikashuka, kikatulia.

Mzee akapitisha ukucha polepole, kutoka kwenye bati hadi kwenye kioo. Haukukwama popote.

"Waite wote walionicheka."

"Wengi wameshakufa, baba."

"Basi waite watoto wao," alisema, akifunga vifungo vya ovaroli yake.