Chai ya Bibi Leokadia

Nilitumwa chumbani nikachukue sare ya kanisa ya kumzikia Bibi Leokadia. Sikufika kabatini. Mezani palikuwa na vikombe viwili safi vimefunikwa kitambaa cheupe, na chupa ya chai.

Niliinyanyua. Ilikuwa nzito, imejaa mpaka shingoni.

Jumamosi ilikuwa zamu yangu. Jumuiya yetu hapa Kilolo huwatembelea wagonjwa kwa zamu, na aliyekwenda humpigia mwenyekiti kumweleza hali. Mimi nilikuwa shambani navuna maharage, nikapiga hukohuko.

"Anaendelea vizuri," nilimwambia. "Tumekunywa chai."

Jumapili jirani alimkuta amekufa barazani, kwenye kiti, amevaa kitenge chake cha misa, uso umeelekea barabarani.

Sasa mwenyekiti alikuwa nje ya dirisha, anaandika wasifu wa marehemu.

"Mama Anord!" aliita. "Wewe ndiye uliyemwona mwisho. Nimeandika hivi: Jumamosi marehemu alikunywa chai na mwenzake wa jumuiya, wakaagana kwa furaha. Ni sawa?"

Nilisikia akina mama wanakuja na beseni la maji, wanavua viatu mlangoni.

Nikafungua chupa. Maziwa yalikuwa yamechacha. Nikamimina kwenye vikombe vyote viwili.

Nikanywa changu nikiwa nimesimama, mabonge yananikwama kooni. Kisha nikanywa na chake.

"Mama Anord, unanisikia?"

"Ni sawa, mwenyekiti," nikasema. "Andika."