Mlango wa Halyna

Halyna huosha nywele za wateja kwenye saluni yangu hapa ughaibuni, mtaa wa Ixelles. Nyumbani kwake hakuna anayeingia na viatu, hata padri.

Mume wangu alipopeleka dawa mashariki mwa Ukraine, alipitia mji mdogo alikotoka Halyna, akatupigia simu ya video. Alituonyesha barabara, kisha mti wa matufaha. Hapo akaacha kuisogeza simu.

"Papa, onyesha nyumba yetu," Halyna alisema. Kiswahili amekiokota hapa kwetu, na "papa" ndivyo sote saluni tunavyomwita mume wangu.

Simu iligeuka. Mlango wa buluu ulikuwa umesimama kwenye fremu yake. Nyuma yake hapakuwa na kuta wala paa, nyasi tu.

Tuliona mkono wa mume wangu ukibisha. "Hodi." Kisha simu ikashuka hadi kwenye viatu vyake, akaanza kufungua kamba.

Halyna alijifuta mikono kwa taulo.

"Karibu, papa," alisema. "Ingia na viatu tu."