Mstari wa Rangi ya Kucha

Bisibisi ilimponyoka fundi, ikaangukia kati ya nyaya. Kwenye amplifaya ya mteja, ndani ya buti la gari, juu ya skrubu ya geni, ile ya kupandisha na kushusha nguvu ya sauti, palikuwa na mstari mwekundu wa rangi ya kucha, umekatika katikati.

Mtindo huo ulikuwa wake peke yake. Akishapima geni, hupaka mstari kutoka kwenye skrubu hadi kwenye bati, ili mtu akija kuichokonoa ijulikane. Mafundi wenzake walimtania kwamba ameleta saluni gereji. Na amplifaya hii aliifunga mwenyewe, kwenye gari la mumewe. Iling'olewa wiki iliyopita, gari likiwa uani kwao.

Mdogo wake fundi, kitinda mimba wa mama yao, alikuwa siku ya nne rumande kwa ajili ya mashine hii hii. Mumewe ndiye aliyefungua kesi, akaapa kwamba alimwona shemeji yake akilizungukazunguka gari. Tangu hapo mama hali wala halali.

"Inakwaruza," mteja alisema kutoka kiti cha mbele. "Nilinunua kwa mtu, ikaja hivyo hivyo."

Kwa mtu, eti! Ana uso mkavu kweli huyu, fundi alijisemea. Akamjibu kwa upole kwamba geni imepandishwa mno, ampe dakika kumi. Kisha, akiwa ameinamia buti, akamwandikia mumewe: Njoo gereji sasa hivi, usiulize. Akimwona mwizi kwa macho yake, kesi ataifuta, na mdogo wake atalala nyumbani leo.

Akashusha geni hadi mwisho, akapandisha kidogo, akasoma mita, akashusha tena. Dakika kumi zikawa nusu saa. Mteja akaanza kuguna. Mwishowe akashika ufunguo, akasema atarudi kesho.

Fundi akachomoa fyuzi ya amplifaya, akaitia mfukoni. Akadanganya kwamba imeungua, muziki hautalia bila hiyo, na nyingine iko njiani. Mteja akashusha pumzi, akaegemea kiti.

Hatimaye mumewe akaingia getini, anahema. Fundi akasimama nyuma ya gari kuziba njia, akainua kidole kumwonyesha mwizi. Kabla hajafungua mdomo, mteja aligeuka, uso ukamchanua.

"Afadhali umekuja mwenyewe, bwana," alimwambia mumewe. "Hebu mwambie dada hapa, geni ilikuwa wapi siku ile uliponiuzia?"