Mara ya Mia

Sheria iliruhusu sauti ya marehemu isikilizwe mara mia tu, kisha ijifute yenyewe. Katika albamu ya taarabu ya mama yake, Saumu alibakiwa na wimbo mmoja, nao wa kusikilizwa mara moja tu. Alikuwa amemwekea bintiye Nuru, ambaye hakuwahi kumsikia bibi yake akiimba.

"Jamani wifi zangu, leo hakuna vigelegele," aliwasihi wanawake waliojaa sebuleni. "Mtoto asikie."

Fidla zilitangulia. Mama yake Saumu alipoingia kwenye wimbo na sauti ile ya juu iliyokuwa ikiwainua watu vitini, kigelegele kikapaa. Kilimtoka Saumu mwenyewe, kwa mazoea. Akajiziba mdomo, lakini kikageuka kilio, na kilio hakikukoma mpaka spika ziliponyamaza.

Nuru akamvuta kanga. "Mama, sasa bibi ataimba lini?"